Mganga Aliyekaa Sikioni

Nguchiro alimwoza binti yake, akaletewa ng'ombe mmoja wa mahari. Hakuwahi kufuga maishani. Hata kuku aliwajua kwa kuwala tu. Basi ng'ombe alipoanza kukonda, alihangaika sana. Akifa, angewatazama wakwe zake kwa uso gani?

"Usihofu, jirani," ilisema sauti nyembamba kutoka sikioni mwa ng'ombe. Alikuwa Kupe. "Mimi nimezaliwa kwa ng'ombe na nimekulia kwa ng'ombe. Anayemmaliza ni yule Yangeyange, anamdonoa mchana kutwa. Mfukuze."

Nguchiro alimshukuru, akamfukuza ndege yule mweupe kwa mawe. Kila asubuhi alirudi kuuliza hali ya mgonjwa, na kila asubuhi Kupe alijibu, "Vumilia, dawa inaingia."

Hatimaye ng'ombe alilala chini, akashindwa kuinuka. Yangeyange akaja, akasimama mbali.

"Jirani, huyo mganga wako ni mzima?"

"Mzima kabisa," alijibu Nguchiro. "Alipokuja alikuwa mdogo kama punje ya ulezi. Sasa amenenepa, hata miguu yake haionekani."

"Na anakula nini, naye hatoki humo sikioni?"

Nguchiro aligeuka, akamtazama ng'ombe aliyelala chini.

"Usimsikilize, jirani!" Kupe alipiga kelele. "Atamuumiza mgonjwa wetu!"

Nguchiro alilishika sikio la ng'ombe, akalifunua vizuri kuelekea juani.

"Karibu, Yangeyange," alisema. "Mganga yumo ndani."