Nakala Mama

Fundi wa kompyuta hakuwa na usingizi, hamu ya kula, wala mtu mwingine wa kumsingizia. Dada aliyefanya naye kazi alishafukuzwa kwa sababu fundi alimtaja kuwa mkosaji.

Bado seva za hospitali, kompyuta zilizokodiwa mtandaoni kwenye wingu, ziliendelea kukatika mtandao. Kila iliyogoma aliifuta, akaunda nyingine kutoka kwenye nakala mama, kiolezo cha seva zote.

Asubuhi hiyo aliikagua nakala mama yenyewe. Draiva ya mtandao, programu inayoiunganisha seva, ndiyo ilikuwa mbovu, na aliyeiweka ni yeye. Kidole chake kiliacha jasho kwenye kioo, juu ya jina lake.

"Yule dada kaondoka, ugonjwa umebaki," mkuu alisema mlangoni. "Au katuroga?"

"Nitakuandikia, bosi."

"Uniandikie nini, nami niko hapa?"

Mkuu aliporudi ofisini kwake, fundi aliandika kwamba kosa lilikuwa lake, si la yule dada. Kisha akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akampa tarishi aipeleke kwa mkuu, chumba cha pili.