Paka na Tangi la Perege

Paka alimpata Perege mdogo, akaona bora amnenepeshe kwanza. Akamwekea tangi la kioo kinene sebuleni, juu ya meza isiyoyumba, mbali na jua.

"Shangazi, jirani yako Kicheche ananimezea mate," Perege akalalamika.

Paka akaingiwa na wivu. Akaweka kifuniko cha chuma chenye tundu dogo la kupitishia chakula, akakifunga kwa kufuli.

"Na ukisinzia, si atakuibia ufunguo? Nipe mimi niukalie."

Paka akautumbukiza tunduni. "Usimpe mtu yeyote!"

Perege aliponenepa, Paka akaja na sahani. "Mwanangu, hebu lete ufunguo."

"Si ulisema nisimpe mtu yeyote?" Perege akajibu. "Halafu shangazi, chakula cha leo kimechelewa."