Lenzi ya Mzee

Kwa pete ya kuunganishia, Aanyu alifunga lenzi kuukuu ya baba yake kwenye kamera yake mpya. Mzee, aliyepiga picha Tororo, mji wa kiwanda cha saruji, mpaka macho yakamzimikia, alitaka picha ya kuwekwa juu ya jeneza lake. Lenzi nyingine aliikataa katakata.

Kamera haikuitambua lenzi hiyo ya zamani; iliandika kiooni kwamba haina lenzi. Aanyu akaiamuru ipige hivyo hivyo.

Kwenye kioo cha kamera, uso wa mzee ulikuwa ukungu mtupu. Aanyu akaizungusha lenzi kwa vidole, nayo ikakwaruza kwa vumbi la saruji la miaka mingi.

Mzee alitega sikio, akiufuata mkwaruzo aliouzoea.

“Umepita,” akasema. “Rudisha kidogo.”

Akarudisha. Kope za mzee zikajitokeza, moja moja.

“Hapo,” mzee akasema.