Moto Mmoja wa Nguchiro

Hapo kale, kabla moto haujawa na mwenyewe, kila mnyama alifukia makaa yake jivuni usiku, akayafukua asubuhi. Nguchiro, mgeni mwenye adabu nyingi, akawaambia, "Jamani, kwa nini kila mtu ahangaike peke yake? Tuwe na moto mmoja. Mimi nitauchochea, ninyi mje kuchukua makaa."

Pimbi, mvivu, alicheka. "Mke wangu, tumepata mtumishi!" Akazima jiko lake siku hiyohiyo. Majirani wakamfuata.

Masika yalipoingia, Nguchiro aliomba pango la Pimbi liwe ghala la kuni za wote. Pimbi alikimbilia kwenye baraza la wanyama.

"Nungunungu, ndugu yangu, sema neno! Pango hili ni la babu yangu."

"Haki ni yako, ndugu. Lakini wanangu hawajanywa uji."

Pimbi akamgeukia Nguchiro. "Unatutisha?"

"Mimi? Hata kidogo, kaka. Kuni zimelowa tu, ndiyo maana leo hakuna makaa."

Watoto wa Pimbi walikuwa wakitetemeka kwa baridi. Akainua mkono pamoja na wenzake, hoja ikapita kwa kauli moja. Nguchiro akamsifu kwa moyo wake wa ushirikiano, akampa kaa kubwa kuliko yote. Pimbi alilipokea kwa shukrani, kisha akasimama mvuani, asijue alipeleke wapi.