Mwayo wa Bi Mize

Siku hizi nahodha wa kukodi halipwi fedha, hulipwa usingizi. Bi Mize aliutoa wake wote, ili nahodha asisinzie hata kidogo akimleta binti yake Salhina kwa mashua ya matanga kutoka Durban hadi Wete. Wakifunga gati, usingizi unamrudia mwenyewe.

Tangu hapo yu macho, kazi yake kumsikiliza mumewe akikoroma.

"Mzee Khatibu, unakoroma kama mashine ya kukoboa! Bora ningemlipa nahodha hilo koo lako."

"Angelirudisha, mke wangu."

Adhuhuri, akimenya vitunguu, Bi Mize akapiga mwayo.

"Umepiga mwayo? Basi Salhina kafika!"

"Kafika," akajibu upesi, maana usingizi hurudi pia nahodha akifa, na hilo hakutaka kulitamka. Macho yakimlemea, akaongeza chunguni mchele wa watu wawili, Salhina na nahodha.