Mkono wa Kulaza Makovu

Shamimu alikuwa bado anapachika pini kwenye bandeji aliposikia hodi ya pili. Alishusha gauni, akajitanda kanga juu yake, kisha akaenda kufungua mlango ameinama, mkono mmoja tumboni.

Nje alisimama mama mkwe wake, Bi Mwaisha, pamoja na wifi yake, Mwanvita. Walikuwa wameteremka na lori la mboga kutoka Mgeta mlimani, na bado walinukia kabichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa chini. Mtu aliyepasuliwa hasimami kuamkia watu."

Mwanvita alikuwa ameshamnyakua mtoto kitandani. "Kha! Mashavu haya! Wifi, unamlisha nini?"

"Maziwa ya kopo. Yangu yalikauka."

"Bahati yake kazaliwa siku hizi, maduka yamejaa. Zamani ile ya foleni angekunywa uji huyu."

Bi Mwaisha hakucheka. Alitua kikapu chake, akatoa chupa ya asali na nyingine ya mafuta ya nyonyo, akazipanga mezani.

"Ulituomba tusije mpaka arobaini ipite," alisema. "Tumekutii. Sasa nimekuja kuliona hilo kovu."

Shamimu alikaza kanga tumboni. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Aliposema ana ya tatu, alikwenda mapema kwa shangazi yake Dar es Salaam, karibu na hospitali kubwa, akarudi nyumbani kwake Kihonda na mtoto. Mgeta walipiga vigelegele. Kisha wakasikia neno "kupasuliwa", na vigelegele vikaisha.

"Wifi, sikufichi," Mwanvita alisema. "Wajomba wamekaa kikao. Wanasema mwanamke akikatwa vibaya hazai tena. Mama akirudi na habari mbaya, kaka analetewa mke mwingine, na mtoto anapandishwa mlimani akalelewe huko."

"Mwanvita, funga mdomo."

"Nasema ili ajue, mama! Kaka mwenyewe hajaliona. Kila akirudi kutoka kazini Kisaki, anakuta bandeji. Kalalamika kwamba kaoa bandeji."

Shamimu alijaribu kutabasamu. Midomo ilikataa.

Mwanvita aliokota boksi dogo kwenye rafu. "Na hii? Krimu ya kufuta makovu, imetoka Dubai! Mbona hujaifungua?"

"Naogopa itaniunguza."

"Umefanya vyema," Bi Mwaisha alisema. "Nyingi za hizo zinachubua tu. Kovu halifutwi, linalazwa. Unalikanda likiwa bado changa, kwa vidole viwili, polepole, kila siku, na hulianiki juani. Cecilia wa Nyandira alipopasuliwa rovu, kovu lilimvimba shingoni kama mnyoo. Akawa hatoki nje bila mtandio. Nilimkanda mimi, leo anavaa mkufu."

"Mama, bado linauma."

"Ndiyo maana nimekuja. Mwanvita, kachemshe maji."

"Nami nataka kuona walivyomshona!"

"Nimesema maji."

Mwanvita alimrudisha mtoto kitandani, akatoka akinung'unika. Bi Mwaisha alifunga mlango kwa komeo.

Mtoto alianza kulia. Shamimu alimnyanyua kabla hata Bi Mwaisha hajageuka. Alidondosha tone la maziwa kwenye kifundo cha mkono kupima joto, akamwekea chupa mdomoni, akamnong'oneza kitu sikioni. Mtoto alinyamaza, akamshika kidole.

Bi Mwaisha alisimama akiwatazama mpaka chupa ikaisha.

"Mlaze," alisema. "Nawe ulale hapa, kando yake."

"Mama, nakuomba. Kesho," Shamimu alisema huku akijilaza.

"Kesho nitakuwa mbele ya wajomba. Watauliza, nami nitajibu." Alimpandisha gauni, akainama karibu na bandeji, akanusa. "Kidonda hakinuki. Nilidhani kina usaha, ndiyo maana unakificha."

"Mama..."

"Unaniogopa mimi, mwanangu? Nimeona makovu ya kila namna. Hakuna litakalonitisha."

Shamimu alifumba macho. Alisikia pini ikifunguka. Bandeji ilizungushwa mara moja, mara nyingine, ikawa inapungua uzito juu yake. Alitaka kuushika ule mkono, akashindwa. Alimshika mtoto.

Mzunguko wa mwisho ulianguka sakafuni. Nje, kuni zilikuwa zinapasuka chini ya sufuria.

Tumbo la Shamimu lilikuwa laini kutoka kifuani hadi kinenani: hakuna kovu, hakuna mshono, hakuna hata alama ya kubeba mimba.

Hakuthubutu kufumbua macho. Machozi yalipenya yenyewe, yakashukia masikioni. Alisubiri komeo lifunguliwe, wifi aitwe, mtoto anyanyuliwe.

"Mama!" Mwanvita aligonga mlango. "Maji tayari. Likoje? Niingie?"

Kizibo cha chupa kilitoka. Mafuta ya nyonyo yalidondoka chini ya kitovu cha Shamimu, kisha vidole viwili vikaanza kupita pale polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa mstari ulionyooka.

"Usiingie," Bi Mwaisha alijibu. "Ni refu, lakini limefunga vizuri. Huyu atazaa tena."