Nane ya Bwana Whitcomb

Siku ile mjinga alikuwa Lyman Whitcomb mwenyewe, na akikusimulia leo hatafuti mwingine wa kumlaumu.

Alifika ziwani asubuhi, kabla ya mashindano ya kuchora nane juu ya barafu kwa viatu vya chuma kuanza, akamkuta mwanamke amechuchumaa, kavua glovu, anapapasa barafu. Lyman akajua moja kwa moja: ndiye Bi Trask wa Boston, yule aliyethubutu kujiandikisha kushindana na wanaume.

Mwaka ule wa 1912 Lyman alibakiza ushindi mmoja tu, kikombe cha klabu kiwe chake maisha. Nyumbani, juu ya meko, picha ya mama mkwe ilikwisha kuondolewa ili kipate nafasi. Hakuwa tayari kikombe hicho kibebwe na mvaa sketi. Akaona amvunje moyo mapema.

"Bibie, rudi Boston. Hapa utaaibika bure."

"Kwa nini, bwana?"

"Mimi nimekulia juu ya barafu hii. Tazama."

Akasimama kwa mguu mmoja, akachora nane kubwa, duara hili, kisha duara lile, chuma cha kiatu kikikwaruza taratibu. Pale katikati mguu ukayumba, mstari ukaharibika.

"Umeyumba," mwanamke akasema.

"Nayumba kila siku! Sasa ona ufundi."

Akainama chini kabisa, kama anayewashukuru watazamaji. Skafu yake ndefu ikafagia unga wa barafu juu ya kosa. Pakawa safi, kama hapajatokea kitu.

"Na majaji wakipiga magoti kuusoma mstari?"

"Vizee vile? Vikishapiga magoti, vinawaza tu vitainukaje! Mwaka wa pili sasa vinanipa kikombe."

"Hebu rudia, sijaona vizuri."

Akarudia. Mara mbili zaidi, tena kwa madaha. Mwanamke akashukuru, akavaa glovu zake, akaenda. Lyman akacheka peke yake: huyo kwisha habari yake.

Saa nne Bi Trask akaitwa. Akaingia msichana mrefu, mwenye nywele nyekundu, ambaye Lyman hakuwahi kumwona maishani.

Kabla hajajiuliza yule wa asubuhi alikuwa nani, zamu yake ikafika. Akachora. Akayumba. Akainama, skafu ikafagia.

Majaji watatu wakaja. Vizee viwili vikaanza kuufuata mstari polepole kutoka mwanzo. Jaji wa tatu, mpya mwaka ule, alikwenda moja kwa moja katikati, akakusanya sketi yake, akapiga magoti, akavua glovu, akapuliza unga.

"Huyu hafai kuhukumu!" Lyman akapiga kelele mbele ya mji mzima. "Mimi nilidhani ni mshindani! Kaniacha niseme yote, na yeye kimya!"

Bibi jaji akainuka, akakung'uta magoti.

"Chini ya barafu hii samaki ni wengi, Bwana Whitcomb. Wanaovuliwa ni wale waliofungua mdomo."